Laptopu jukwaani: mambo ya kuzingatia kabla, kwa wapiga vinanda

Dodoma, mpiga kinanda wa kwaya au wa harusi mara nyingi hubeba laptopu yake na kukuta kinanda cha wenyeji. Jumamosi ni ukumbi wa Area C, Jumapili ni kanisa la Chang'ombe, na vinanda vya sehemu hizo mbili havifanani hata idadi ya fada (vitelezi vya kurekebisha sauti). Kwa hiyo usiunganishe kamwe fada ya kinanda moja kwa moja na plagini (programu ndogo inayotoa sauti ndani ya laptopu). Weka fada ya skrini katikati: ya kinanda isogeze ya skrini, na ya skrini ndiyo iongoze plagini. Kwenye MainStage, programu ya Mac ya kupigia jukwaani, vifaa hutambulishwa sehemu ya Layout na sauti huunganishwa sehemu ya Edit. Gig Performer, programu nyingine ya aina hiyo, nayo ina wijeti zake (fada na vitufe vya skrini) kwa kazi hiyohiyo. Ukikuta kinanda kigeni, utatambulisha upya fada chache za skrini tu, na nyimbo zote zitafuata. Ukiziunganisha moja kwa moja, utarudia kazi kwa kila sauti ya kila wimbo, huku kwaya imeshasimama.

Fada nane zinatosha. Zipe majina mafupi (piano, nyuzi, ogani, mwangwi) kwa herufi kubwa, na kama mkutano ni wa uwanjani mchana, tumia maandishi meusi juu ya rangi nyepesi, maana jua hufifisha skrini yenye giza. Kitufe cha kukata noti zote kiwe pembeni, kionekane muda wote.

Kisha njia za MIDI, yaani lugha ya ishara kati ya kinanda na laptopu. Chaneli ni 16. Ukiwa na vinanda viwili, kimoja kiwe chaneli ya 1 na kingine ya 2, na kila plagini isikilize chaneli yake tu. Ikiachwa isikilize zote, besi italia na piano. Kinanda chenye spika zake kizimwe Local Control (mpangilio unaofanya kinanda kilize sauti zake chenyewe), la sivyo utasikia sauti mbili, yake na ya laptopu. Usiirudishe MIDI ya laptopu kwenye kinanda kilekile bila sababu, kwa kuwa mzunguko huo huzalisha noti zinazojirudia au kung'ang'ania.

Pedali ya mguu ya kupandisha sauti ipewe CC 11 (CC ni ishara ya MIDI ya kudhibiti sauti, kila moja na namba yake), si CC 7 ya kiwango cha sauti, ili uwiano uliopanga kwa CC 7 usivurugike. Pedali ya kushikilia noti ni CC 64: 0 hadi 63 imeachwa, 64 hadi 127 imekanyagwa. Usiikanyage wakati wa kuwasha kinanda. Vingi hupima pedali wakati huo, na ukiikanyaga itafanya kazi kinyume. Unapogawa kinanda ili kila sehemu itoe sauti tofauti, fuata namba ya noti: C ya kati ni 60, ingawa programu moja huiita C3 na nyingine C4.

Kiangazi kinahitaji uangalifu zaidi. Vumbi likiingia kwenye fada, hutuma namba bila kuguswa, na nyuzi zinapanda na kushuka zenyewe katikati ya wimbo. Fungua kichunguzi cha MIDI (dirisha linaloonyesha ishara zinazoingia), ondoa mikono, tazama. Ishara za saa (za kulinganisha mwendo) hazina neno. Lakini CC ikicheza, itenge fada hiyo na utumie nyingine. Washa pia pickup, ili fada ya skrini isubiri mpaka ya mkononi ifike ilipo. Bila hiyo, ukibadilisha sauti na kugusa fada, sauti hurukia juu ghafla.

Bafa (akiba ndogo ya sauti ambayo laptopu huandaa kabla ya kuitoa) ya sampuli 128, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, huchelewesha takribani milisekunde 2.7. Ikikwaruza, panda 256. Kwenye Windows, zima usingizi wa USB na masasisho, na tumia tundu lilelile la USB ulilofanyia mazoezi, kwani ukihamisha, kinanda kinaweza kuonekana kwa jina jipya. Chaja ikileta mngurumo, weka DI (kisanduku cha kuunganisha ala na mikisa) yenye swichi ya kutenganisha ardhi kati ya kadi ya sauti na mikisa. Usikate pini ya ardhi ya plagi, ni hatari kwa maisha.

Mwisho, shika noti na pedali kwa pamoja, badilisha sauti, kisha achia. Noti ikibaki inalia, rekebisha hapohapo kabla fundi mitambo hajafungua spika.