Namna ya Kuandaa Tamasha la Ngalawa na Mitumbwi Katika Hori la Mtaa

Jambo la kwanza ambalo kamati nyingi hulikosea ni tarehe. Wajumbe hukaa barazani, hufungua kalenda, hutafuta Jumamosi ambayo mgeni rasmi ana nafasi, kisha huanza kuchangisha fedha. Katika hori la Dar es Salaam, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, liwe lile la Kunduchi au yale yanayoingia bandarini upande wa Mtoni na Kijichi, tarehe hupangwa na maji, na mambo mengine yote, kuanzia saa ya hotuba hadi urefu wa kamba ya boya, hufuata hapo.

Nasema hivi kwa sababu wapo wanaoona picha za matamasha ya boti kwenye mifereji iliyofufuliwa Uingereza na kutaka kunakili kila kitu. Mfereji wa Kennet and Avon, kwa mfano, uliachwa ukachakaa, ukafunguliwa upya mwaka 1990 baada ya kazi ya miaka mingi ambayo watu wa kujitolea walikuwa na sehemu kubwa ndani yake. Kujitolea kwao kunafaa kuigwa. Ratiba yao haitufai. Mfereji una malango ya kuzuilia maji, hivyo kina cha asubuhi hakitofautiani sana na cha jioni, ilhali hori letu linaweza kupungukiwa na zaidi ya mita 3 za maji ndani ya saa sita wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi, na pale mlipofunga ngalawa mkakuta kaa wanatembea.

Anzeni basi na mwezi wa angani. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani zile zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alasiri na hupwa karibu saa nne asubuhi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kujaa huangukia karibu saa nne asubuhi na tofauti ya kina huwa ndogo. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50, kwa hiyo thibitisheni siku yenu katika jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, kisha muulizeni mvuvi mmoja mzee, kwa kuwa maji hufika ndani ya hori yakiwa yamechelewa kidogo kuliko mdomoni. Binafsi napendelea bamvua, kwa sababu kujaa kwa alasiri hukutana na saa ambayo watu wamekwisha kula na jua limeanza kulegea. Kwa upande wa majira, Septemba na mwanzo wa Oktoba hufaa: kusi imepungua nguvu na mvua za vuli kwa kawaida hazijashika. Masika yaacheni kabisa.

Mkishapata siku, ndipo mwende kwenye ofisi. Barua ya kwanza ni ya mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, ambao wataipeleka mbele hadi kata na polisi, na nakala moja iende kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, maana mwalo ni wa wavuvi kabla ya kuwa wa wageni. Hori likiwa linafungukia bandarini, mamlaka ya bandari lazima ihusishwe, kwa kuwa hakuna ngalawa yenye haki ya kubishana na meli katika njia ya meli. Jambo moja hupuuzwa mara kwa mara: leseni ya uvuvi si leseni ya kubeba abiria. Mkitaka kuwazungusha wageni majini, tafuteni chombo kilichokaguliwa kwa kazi hiyo, na muwaulize TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, mapema badala ya kuwasubiri waje wawaulize ninyi.

Mpangilio wa mashindano nao ufuate maji. Hori jembamba halifai kwa tanga, kwa sababu ngalawa yenye ndubi zake mbili, zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, huhitaji upana, na ikilazimika kubisha, yaani kwenda kwa kupinda huku na huku dhidi ya upepo, itaishia kwenye mikoko. Ngalawa zianzie nje, baharini, maji yangali yanajaa, na zimalizie ndani ya hori mbele ya watazamaji. Upepo wa bahari wa alasiri na mkondo wa maji yanayoingia vitazisukuma kwa pamoja, na kuona matanga kumi yakijipenyeza mdomoni mwa hori kwa mara moja kunatosha kumfanya mtu arudi mwaka unaofuata. Maji yanaposimama, kwa muda usiozidi nusu saa hivi, ndiyo zamu ya mitumbwi ya makasia na ya vijana, kwa kuwa wakati huo mkondo haumpendelei mtu. Yakianza kutoka, fungeni mashindano.

Kuhusu maboya, nieleze yaliyotupata. Mwaka wetu wa kwanza tulitumia madumu ya lita 20 yaliyopakwa rangi nyekundu, kila moja likiwa limefungwa kwenye kiroba cha mchanga, na tulikwenda kuyatega saa nne asubuhi kwa sababu maji yalikuwa yametoka na tuliweza kutembea kwenye tope. Kamba tulizikata kwa kima cha kiuno. Ilipofika saa tisa, madumu matatu yalikuwa chini ya maji, kila nahodha akageuzia pale alipopaona panafaa, na ugomvi wa nani mshindi ulitufikisha magharibi. Kamba ipimwe kwa kina cha maji yaliyojaa kabisa, kisha iongezwe pima moja. Mikoko isitumiwe kama nguzo ya kufungia wala isikatwe kupisha jukwaa. Inalindwa na sheria, na ndiyo inayoshikilia ukingo mnaosimama juu yake.

Usalama hauhitaji maneno mengi, unahitaji vitu. Pawepo faiba, yaani boti za plastiki ngumu, mbili zenye mashine, moja mdomoni na moja ndani, ambazo waendeshaji wake hawashindani wala hawabebi ndugu zao. Kila anayeingia majini avae jaketi okozi, hata yule atakayedai kwamba amezaliwa baharini. Karani mmoja akae ukingoni na daftari, aandike jina la kila anayetoka na alipigie mstari anaporudi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe jioni ya kuamkia siku yenyewe na tena asubuhi, na mwenyekiti awe na mamlaka ya kuahirisha bila kuitisha kikao.

Nchi kavu, wapeni mama lishe eneo lao mbali na njia ya kushushia vyombo, pangeni vyoo kabla ya kupanga spika, na mdundiko uanze mapema ili watu wajae kabla ya matanga kuonekana. Mgeni rasmi aalikwe kwa saa nane na hotuba yake iwekwe baada ya zawadi. Atakapochelewa, na mara nyingi atachelewa, ngalawa zitakuwa zimekwisha kukimbia. Zawadi ziwe kamba, kitambaa cha tanga au nyavu zinazoruhusiwa, kwa sababu kikombe cha bati hakimsaidii mvuvi siku ya Jumatatu.

Maboya myakusanye jioni ileile, mkiwa bado na faiba. Takataka zisubirini hadi kesho yake, karibu saa tano asubuhi, maji yatakapokuwa yametoka: njooni na magunia na viatu vya mpira, maana chupa na sahani zilizozama zitakuwa zimelala juu ya tope, na mtakuwa na takriban saa mbili kabla maji hayajazifunika tena.