Somo: Namna ya kubuni lugha inayofanana na lugha za watu

Kwa kuwa swali la jinsi ya kuipa lugha ya kubuni vighairi (maumbo yasiyofuata kanuni ya kawaida) vya kuaminika huulizwa hapa kila mara, naweka utaratibu wote mahali pamoja, na atakayeuliza tena aelekezwe huku.

1. Chagua irabu na konsonanti za lugha mame, yaani lugha ya kale itakayoizaa ile unayoitaka.

2. Unda mizizi na viambishi vichache.

3. Pitisha maneno yote katika mabadiliko ya sauti. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Badiliko la sauti halichagui neno, bali hukumba kila neno lenye sauti jirani zinazolisababisha, na mpangilio wa kanuni ndio unaoamua matokeo. Tuseme taki ni jiwe, takina ni mawe, na kanuni ni mbili: k hugeuka ch mbele ya i, na irabu ya mwisho wa neno hudondoka. Ukitanguliza ya kwanza utapata tach na tachin. Ukitanguliza ya pili utapata tak na tachin, kwa sababu i ya umoja imekwisha kudondoka kabla ya kuigeuza k. Hicho ni kighairi chenye historia. Tahadhari: usipitishe mizizi mitupu kisha ukabandika viambishi mwishoni, maana athari zote hizo zitapotea. Wala usilinusuru neno kwa sababu tu unalipenda.

4. Acha baadhi ya maneno yahame maana.

MASWALI

– Sijasoma yote, ila naweza kuanza na kamusi, sarufi ikafuata?

Hapana. Soma tahadhari ya hatua ya tatu.

– Mwalimu, viambishi vya njeo (vinavyoonyesha wakati) navyo hutoka wapi?

Nashukuru kwa swali hili. Mara nyingi ni vitenzi kamili vilivyochakaa kwa kutumika sana. Katika Kiswahili, -ta- ya wakati ujao imetokana na kitenzi -taka, na umbo refu bado limesalia katika "atakayekuja". Basi twaa kitenzi chenye maana ya kutaka, kwenda au kumaliza, kitangulize mbele ya kitenzi kikuu, kisha kifupishe polepole.

– Nyongeza: mimi huandika umbo la kale kando ya kila neno jipya.

Vyema sana. Andika pia namba za kanuni zilizolipitia, ili ukibadilisha mpangilio ujue ni maneno yapi ya kurudiwa.