Kabla hujapeleka faili la InDesign kwa mtu wa printi
Jamani mnaopeleka kazi za InDesign (programu ya Adobe ya kupanga kurasa) kwa watu wa printi kwenye flashi, acheni kukopi lile faili la indd peke yake. Kwa kawaida picha hazikai humo ndani, InDesign inakumbuka tu zilipo kwenye kompyuta yako, fonti nazo hivyo hivyo, ndo maana kule likifunguliwa maandishi yanapakwa pinki na picha zinaonyesha alama nyekundu ya kuuliza halafu lawama anabeba mtu wa printi wa watu. Nenda File halafu Package, itakutengenezea folda zima, picha kwenye Links na fonti kwenye Document fonts, lipeleke lote kama lilivyo usilichambue, kwa sababu folda la Document fonts likikaa pembeni ya faili InDesign inazisoma fonti yenyewe bila kuinstoo. Halafu weka tiki pale kwenye IDML, yaani nakala ya kazi ile ile kwa ajili ya vesheni za zamani, maana indd ya vesheni mpya haifunguki moja kwa moja kwenye ya zamani ila IDML inafunguka kuanzia vesheni ya CS4 kupanda juu. Fonti ulizowasha kupitia Adobe Fonts (huduma ya fonti za mtandaoni ya Adobe) haziingii kwenye Package, kama umezitumia ongezea na PDF.