Besi fupi ya bei nafuu: kuichagua Kariakoo, kuiseti na kuanza kuipiga

Besi fupi ni gitaa la besi ambalo uzi wake una urefu wa inchi 30 hivi (milimita 762), kuanzia kidaraja cha juu karibu na funguo hadi daraja la chini. Besi ya kawaida ina inchi 34. Kwa sababu hiyo freti zake (vyuma vyembamba vilivyolazwa kwenye shingo) zimekaribiana zaidi, na mwenye kiganja kidogo, au mpiga solo anayeombwa kushika besi kanisani, huizoea upesi. Usikubali kuambiwa ni gitaa la watoto. Höfner 500/1 ya Paul McCartney, mpiga besi wa Beatles, ni ya urefu huu, na Fender Mustang Bass iliyotoka mwaka 1966 pia.

Ukiwa na fedha kidogo, nunua shingo. Funguo, pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), nyuzi na waya za ndani vinabadilishika. Shingo iliyojisokota itakula fedha nyingi za fundi kuliko bei ya gitaa lenyewe.

Hatua ya 1: Vya kubeba

Futi kamba, rula ya milimita, karatasi tatu za A4, kadi ya benki, simu yenye programu ya kutuni, na waya wako wa gitaa unaojua ni mzima.

Hatua ya 2: Ukaguzi dukani

Anza na urefu, maana wauzaji wengi huita "besi ndogo" gitaa lolote lenye bodi ndogo. Pima kutoka kidaraja cha juu hadi freti ya 12. Ukipata sentimita 38, ni inchi 30. Ukipata 43, ni besi ndefu, hata kama bodi yake ni ndogo.

Shika gitaa kwenye bodi, funga jicho moja, tazama shingo kwa urefu wake kama seremala anavyokagua ubao. Kingo mbili zikiinama kwa usawa, hilo linasetika. Upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, rudisha gitaa, hata bei ikishushwa nusu.

Kisha tuni E, A, D, G. Bana uzi wa E kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa wakati mmoja, uangalie freti ya 7 au ya 8. Nafasi kati ya uzi na freti iwe kama milimita 0.3, yaani unene wa karatasi zako tatu zikipangwa pamoja. Uzi ukigusa freti kabisa, au pakiwa na pengo la milimita nzima, omba chuma cha ndani ya shingo kikazwe au kilegezwe palepale. Chuma kisichozunguka ni sababu tosha ya kuondoka.

Piga kila freti ya kila uzi, polepole. Freti moja ikikwaruza na jirani zake ziko safi, laza ukingo wa kadi juu ya freti tatu. Kadi ikicheza, freti ya katikati imeinuka. Fundi ataisugua, lakini kata gharama hiyo kwenye bei.

Mwisho chomeka waya. Mlio wa "mmm" unaopungua ukigusa nyuzi ni wa kawaida kwa magitaa ya bei hii. Ukiongezeka unapogusa, kuna waya wa ndani uliounganishwa vibaya. Ukipigwa shoti hata kidogo, zima.

Hatua ya 3: Nyuzi

Magitaa mengi ya bei nafuu huchukiwa bure kwa sababu ya nyuzi zilizokuja nayo. Uzi uleule, kwa noti ileile, kwenye inchi 30 unavutwa kwa nguvu pungufu ya asilimia 22 hivi kuliko kwenye inchi 34. Ndiyo maana E inalegea, inagonga freti, na ukiipiga kwa nguvu sauti inapanda kwanza kisha inashuka. Tafuta pakiti iliyoandikwa *short scale*, yenye E ya unene wa inchi .105. Za besi ndefu zina sehemu nene inayozunguka hadi kwenye funguo, na hapo uzi haukai sawa. Ukilazimika kuzikata, kunja uzi kwa pembe ya digrii 90 kwanza, ukate mbele ya mkunjo. Usipofanya hivyo waya wa nje unafumuka na uzi unakufa.

Hewa ya chumvi ya Dar hutia kutu haraka. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, hasa ukikaa Kigamboni au Msasani.

Hatua ya 4: Kuseti, kwa mpangilio huu

1. Tuni.
2. Shingo: zungusha chuma robo duara tu, tuni tena, pima. Kulia hunyoosha, kushoto huongeza pengo.
3. Urefu wa nyuzi kwenye freti ya 12: milimita 2 kwa G, 2.5 kwa E.
4. Usahihi wa noti: linganisha mlio wa kugusa tu uzi juu ya freti ya 12 na noti ya kubana hapohapo. Ya kubana ikiwa juu, rudisha kitandiko cha uzi huo (kipande cha daraja la chini kinachoubeba) nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

Ukianza na namba 4, kila ukigusa shingo utairudia.

Hatua ya 5: Amplifaya

Soma volti nyuma yake. Ya mtumba kutoka Japani huwa ya volti 100, ya Marekani 120, nayo ikichomekwa kwenye umeme wetu wa 230 bila transfoma inaungua mara moja. Sabufa ya nyumbani haifai: mawimbi ya besi yakiingia moja kwa moja ni hafifu, na ukifungulia sana unahatarisha spika.

Hatua ya 6: Kupiga

Bana nyuma tu ya freti, si katikati ya nafasi. Mkono wa kulia upokezane kidole cha shahada na cha kati.

Anza na C: uzi wa A, freti ya 3. F ni uzi wa D, freti ya 3. G ni uzi wa D, freti ya 5. Nyimbo nyingi za kwaya zinakaa ndani ya hizo tatu. Weka metronomu (kihesabu mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika, piga kila noti mara nne, kisha mbili, ukiingia pamoja na dramu la mguu. Noti ikiisha, legeza kidole cha kushoto bila kukiondoa kwenye uzi, ili mlio ukatike. Besi fupi ina mvumo mzito chini, na uzi wa E usiozimwa utafunika kila anayeimba.