Pampu ya kubadilishia maji ya tangi la samaki: pima kimo kwanza, L/H baadaye

Boksi la pampu huwa na namba moja kubwa mbele: 1000 L/H (lita kwa saa), 2000 L/H, 3000 L/H. Wengi wetu tunanunua kwa kuiangalia hiyo tu. Namba hiyo ni sahihi pale maji yanapotoka mdomoni mwa pampu bila kupanda popote. Nyumbani yatapanda kutoka kwenye pipa lililo sakafuni hadi juu ya tangi, tena kupitia mpira mrefu, na hapo ndipo pampu ya bei nafuu inaanza kuchuruzika.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 50, yaani lita 200, lililo kwenye stendi ya sentimita 75. Ni saizi inayowafaa samaki wengi wadogo wa jamii ya sikilidi wa Ziwa Tanganyika.

Hatua ya 1: Jua unabadilisha lita ngapi

Asilimia 30 kwa wiki ni kiwango kizuri kwa tangi lenye samaki wa kutosha. Kwetu hapa ni lita 60, ndoo tatu kubwa. Kama tangi lako ni la lita 40, ndoo moja inakutosha na pampu huihitaji kabisa. Pesa hiyo nunulia dawa ya kuondoa klorini na kipimo cha joto.

Hatua ya 2: Kutoa maji, yaache yateremke yenyewe

Tangi liko juu, shimo la maji la bafuni liko chini. Mpira uliojazwa maji, ncha moja ndani ya tangi na nyingine chini, unatoa maji bila umeme, na unafyonza uchafu ulio kati ya kokoto wakati huohuo. Usizamishe pampu ya kutolea ndani ya tangi: mchanga unakwangua impela (kipande chenye mapanga kinachozunguka ndani ya pampu na kusukuma maji), na vifaranga vya samaki vinaweza kuvutwa. Ikiwa maji machafu lazima yapande, mathalani hadi kwenye sinki, yateremshe kwanza kwenye ndoo, mchanga utulie, kisha pampu ifanye kazi ndani ya ndoo.

Kwa hiyo pampu tunayoitafuta ni ya kujazia.

Hatua ya 3: Pima kimo chako

Chukua futi. Pima kuanzia pale maji yatakapokuwa pipa likikaribia kuisha, hadi sehemu ya juu kabisa ambayo mpira utapita. Wengi wanapima pipa likiwa limejaa, wanapata sentimita 60, wanafurahi. Pipa likishuka, kimo kinakua, na kujaza kunazidi kuwa kwa polepole kadiri unavyokaribia kumaliza. Kwenye mfano wetu stendi ni sentimita 75, kioo ni 50, mpira unapinda juu ya ukingo kwa sentimita 5 hivi. Jumla mita 1.3. Iandike kwenye simu uende nayo dukani.

Hatua ya 4: Tafuta H-max kwenye boksi

Geuza boksi, au soma kibandiko kwenye pampu yenyewe. H-max ni kimo ambacho pampu inasukuma maji mpaka yanasimama. Ukifika hapo hakuna hata tone linalotoka. Pampu ya H-max mita 1.5 kwa tangi letu ni hasara, hata kama mbele imeandikwa namba ya kuvutia.

Kanuni ninayoishikilia: H-max iwe angalau mara mbili ya kimo chako. Kwetu ni mita 2.6, basi tafuta ya mita 3. Pampu hizi ndogo zikiwa kwenye nusu ya H-max, tegemea takriban nusu ya L/H iliyoandikwa. Ya 2000 L/H yenye H-max mita 3 itakupa kama lita 1000 kwa saa, na lita 60 zitapanda ndani ya dakika tano hivi. Usitafute kubwa zaidi ya hapo kwa tangi hili. Maji yenye nguvu nyingi yanachimba mchanga na kung'oa mimea.

Kama boksi halina H-max, liache dukani.

Hatua ya 5: Mpira usiwe mwembamba kuliko mdomo wa pampu

Ukipunguza kipenyo cha mpira kwa nusu, msuguano kwa maji yaleyale unaongezeka karibu mara 30. Mdomo ukiwa wa milimita 20, chukua mpira wa milimita 20, mfupi kadiri inavyowezekana, na ufunge kwa kibanio cha skrubu.

Hatua ya 6: Kagua vifaa vyenyewe

Shafti, yaani kijiti ambacho impela inazungukia, ikiwa ya kauri ndiyo nzuri. Epuka pampu yenye shaba sehemu inayogusa maji, kwa sababu shaba inaua uduvi na konokono. Pampu za visima zenye mafuta ndani pia usizilete karibu na samaki. Sili (kizibo kinachozuia mafuta yasivuje) ikichoka, mafuta yanaingia kwenye maji. Angalia volti: ya Marekani ya 120 itaungua kwenye umeme wetu wa 230.

Hatua ya 7: Ijaribu

Weka ncha ya mpira kwenye kimo cha mita 1.3, jaza ndoo ya lita 20, pima muda kwa simu. Sekunde 72 ni lita 1000 kwa saa. Fanya hivi ukiwa bado na risiti.

Hatua ya 8: Kujaza

Tia maji ya bomba na dawa ya klorini kwenye pipa, kisha iache pampu iyazungushe humohumo kwa nusu saa kabla ya kuunga mpira. Dawa inachanganyika sawasawa, na kama unaongeza chumvi za madini, zinayeyuka. Joto lisitofautiane na la tangi kwa zaidi ya nyuzi 2.

Ncha ya mpira ibanwe juu ya uso wa maji ya tangi, isizame. Ikizama, ukizima pampu maji yatarudi pipani kwa mpira uleule. Waya wa umeme uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili matone yadondoke sakafuni. Chomoa plagi kabla ya kutia mkono majini, kila mara, bila kubahatisha. Na uzime pampu kabla hewa haijaingia: maji ndiyo yanayoipoza na kuilainisha shafti.

Baada ya miezi michache fungua kifuniko cha mbele, toa impela, sugua utelezi kwa mswaki wa zamani. Chokaa nyeupe iloweke kwenye siki kwa saa moja, suuza vizuri, rudisha.