Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Siku ya Upasuaji

Upasuaji wa kupangwa humpa mgonjwa kitu ambacho upasuaji wa dharura haumpi, nacho ni muda wa kujiandaa. Muda huo usipotumika ipasavyo, upasuaji unaweza kuahirishwa asubuhi ileile, mgonjwa akarudi nyumbani na njaa yake na kusubiri upya tarehe nyingine. Wengi huanza maandalizi kwa kupanga begi la nguo; mimi ningewaomba waanze na orodha ya dawa wanazotumia, kwa kuwa hapo ndipo makosa ya hatari zaidi hufichika.

Mgonjwa anapomwambia daktari kwamba anameza "vile vidonge vyeupe vya presha", bado hajasema kitu. Dawa za presha ni za aina nyingi: zipo ambazo huendelea kumezwa hata asubuhi ya upasuaji kwa funda moja la maji, na zipo ambazo mara nyingi husimamishwa siku hiyo kwa sababu zinaweza kuishusha presha kupita kiasi mgonjwa akiwa amelala kwa dawa ya usingizi. Njia ya uhakika ni kubeba maboksi na chupa zenyewe siku ya kuonana na daktari, ili jina, kipimo na idadi ya vidonge visomwe pale pale. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda waseme mapema, wasingoje kuulizwa. Wafarini, kwa mfano, kwa kawaida husimamishwa takriban siku 5 kabla, kwa kuwa nguvu yake huchukua siku kadhaa kuisha mwilini. Hata hivyo, mtu asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani aliyewekewa vali bandia ya moyo anaweza kupata kiharusi kwa kuiacha bila mpango. Insulini na dawa nyingine za kisukari nazo huhitaji maelekezo ya mtu mmoja mmoja, kwa sababu mgonjwa atakuwa hajala. Dawa za mitishamba zitajwe vilevile, bila haya, kwa kuwa baadhi yake huongeza kutokwa damu au hupingana na dawa za usingizi.

Pamoja na dawa, daktari wa usingizi anahitaji kujua mizio yote, iwe ya penisilini au ya mpira wa glavu, na kama mgonjwa ana pumu, hukoroma sana usiku na kukatika pumzi, au ana jino linalolegea. Swali moja ambalo familia inapaswa kulijadili kabla ya siku hiyo ni kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata matatizo makubwa alipopewa dawa ya usingizi, kwani lipo tatizo la kurithi ambalo huupandisha mwili joto ghafla na kuukakamaza misuli, nalo likijulikana mapema huepukwa kwa kuchagua dawa nyingine.

Agizo la kufunga huonekana kama usumbufu kwa mgonjwa asiyeelezwa sababu yake. Dawa ya usingizi huzima ile kinga ya koo inayomfanya mtu akohoe kitu kinapopita njia isiyo yake, hivyo chakula kikipanda kutoka tumboni huweza kuingia kwenye mapafu na kuleta madhara makubwa, hata kifo. Kwa mtu mzima asiye na tatizo maalumu, utaratibu unaotumika sana ni kuacha chakula saa 6 kabla, au saa 8 kikiwa cha mafuta mengi, na kuruhusiwa maji matupu hadi saa 2 kabla. Mtoto mchanga anayenyonya huachishwa maziwa ya mama saa 4 kabla. Maziwa ya kawaida, na chai iliyotiwa maziwa, huhesabiwa kama chakula. Maelekezo ya hospitali yakitofautiana na haya, yafuatwe ya hospitali, na aliyesahau akala aseme kweli, maana kuahirishwa ni afadhali mara nyingi kuliko kuficha.

Kwa mvutaji wa sigara, kuacha wiki 4 au zaidi kabla hupunguza matatizo ya kifua na ya kidonda kupona. Mgonjwa aoge kwa sabuni usiku au asubuhi ya upasuaji, lakini asijinyoe kwa wembe sehemu itakayopasuliwa: wembe huacha mikwaruzo midogo ambamo vijidudu huzaliana, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 nywele ziachwe, au zipunguzwe kwa mashine pale inapolazimu. Rangi ya kucha iondolewe kwa kuwa kipimo cha oksijeni huwekwa kidoleni na mwanga wake hupenya kwenye ukucha. Pete, hereni, lenzi za macho na meno ya bandia pia huvuliwa.

Fomu ya ridhaa isomwe kabla ya kutiwa sahihi. Ni haki ya mgonjwa kuuliza upasuaji unafanywa upande gani, hatari zake ni zipi, na kama ipo tiba nyingine. Akiulizwa jina lake na aina ya upasuaji mara tatu au nne na watu tofauti, asikereke. Huo ni uhakiki wa makusudi wa kuzuia kumpasua mtu asiye yeye au upande usio wake.

Anayetarajiwa kurudi nyumbani siku hiyohiyo apange mapema mtu mzima wa kumchukua na kulala naye usiku wa kwanza, kwa sababu kwa saa 24 baada ya dawa ya usingizi hatakiwi kuendesha gari wala kutia sahihi hati nzito. Mtu huyo ndiye akabidhiwe namba ya simu ya wodi, na aelezwe kwamba homa, damu isiyokoma, kupumua kwa shida au mguu mmoja kuvimba ni sababu za kupiga simu hata usiku wa manane.