Majivu ya jikoni kwenye tuta la stroberi: kiasi, muda na udongo unaofaa

Majivu ya kuni na ya mkaa ni chokaa kwanza, mbolea baadaye. Anayeyamwaga kwenye stroberi kama anavyomwaga samadi ataua miche mizuri bila kujua kilichoiua.

Sehemu kubwa ya majivu ni kalsiamu, ile ile iliyomo kwenye chokaa ya kilimo. Potasiamu ni kama asilimia 3 hadi 7, na fosforasi kwa kawaida haizidi asilimia 2. Naitrojeni haimo, imeshaondoka na moshi. Stroberi inahitaji potasiamu nyingi hasa inapobeba matunda, kwa hiyo majivu yana kazi ya kufanya. Tatizo ni kwamba stroberi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH 5.5 hadi 6.5 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu hupungua), na majivu hupandisha pH kila unapoyaweka.

Ndiyo maana udongo wako unatangulia. Kwenye luseni, ule mchanga mwepesi wa miinuko yenye mawe, majivu yanafaa: udongo huo ni maskini na mvua huuosha potasiamu haraka. Kwenye udongo mweusi wa mbugani, unaopasuka kiangazi, acha kabisa. Mara nyingi una chokaa yake ya kutosha, na stroberi yenyewe haipendi mizizi ituamiwe na maji. Kama una bustani ya aina hiyo, jaza udongo mwepesi kwenye viroba au ndoo zilizotobolewa chini, upande humo.

Kipimo cha haraka ni siki. Weka kijiko cha udongo mkavu kwenye kisahani, udondoshee siki. Ukitoa povu, usiweke majivu hata chembe. Usipotoa povu, hujamaliza: pima pH kwa karatasi za kupimia, au muulize bwana shamba wa kata yako mahali pa kupeleka sampuli. Chini ya 6, tumia kiasi kamili tunachokitaja hapa. Kati ya 6 na 6.5, nusu yake. Zaidi ya hapo, yapeleke majivu kwenye kabichi.

Majivu gani? Ya kuni kavu na ya mkaa yanafaa. Ya magunzi ya mahindi yana potasiamu nyingi kuliko ya kuni, hivyo punguza kipimo. Ya pumba za mpunga, yanayopatikana kwa wingi kwenye matanuri ya matofali, ni silika, madini ya mchanga, karibu yote. Usiyategemee kwa potasiamu. Usitumie kamwe majivu ya jiko linalowashwa kwa mifuko ya plastiki, wala ya mbao zilizopakwa rangi au dawa. Mbao za mitumbwi chakavu ziko humo: rangi na lami zake hubaki kwenye majivu, kisha kwenye udongo wa tunda linaloliwa bila kumenywa.

Yaache yapoe kwenye ndoo ya bati siku mbili nzima, maana kaa hubaki hai chini ya majivu muda mrefu. Yachekeche kwa wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, kisha yahifadhi kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Majivu yaliyonyeshewa yamepoteza sehemu kubwa ya potasiamu, kwa sababu ndiyo inayoyeyuka kwanza. Yaliyolala nje masika nzima ni chokaa tupu.

Sasa kipimo. Kikombe cha robo lita kilichojaa majivu makavu yaliyochekechwa huwa na uzito wa gramu 125 hivi, na hicho ndicho kikomo cha mita moja ya mraba kwa mwaka mzima. Yagawe mara mbili.

Mara ya kwanza ni wiki tatu kabla ya kupanda. Tawanya nusu kikombe kwa kila mita ya mraba ya tuta, uchanganye na udongo wa juu hadi sentimita 10 au 15. Mwagilia. Subiri wiki mbili, ndipo uweke samadi iliyooza vizuri, nusu debe kwa mita ya mraba, na panda wiki inayofuata kwa nafasi ya sentimita 30. Ukipanda mwishoni mwa masika, miche itashika kwenye unyevu na kuchanua kwenye ubaridi wa Juni na Julai.

Mara ya pili ni maua ya kwanza yanapotokea. Chukua kijiko cha chai kimoja kwa mche, ukizungushe umbali wa sentimita 10 kutoka kwenye moyo wa mche, pale majani machanga yanapochomoza. Majivu yasiingie humo. Sogeza matandazo kwanza, nyunyiza, kwaruza kwa vidole sentimita mbili tu (mizizi ya stroberi iko juu juu, jembe litaikata), mwagilia, kisha rudisha matandazo. Fanya saa tatu au saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka na, kama uko kando ya ziwa, upepo wa ziwani haujaanza. Mchana upepo utakupakia majivu kwenye majani na machoni. Vaa glavu na ufunge pua kwa kitambaa. Kwenye viroba na ndoo tumia nusu kijiko, kwa kuwa chumvi hazina pa kwenda.

Wapo wanaopendelea maji ya majivu. Koroga kikombe kimoja kwenye lita 10 za maji, yaache yatulie siku nzima, chota yale ya juu na uache tope. Nusu lita kwa mche, chini tu, kwenye udongo ambao tayari una unyevu. Ukitumia njia hii, iwe badala ya ule mzunguko wa pili, si nyongeza.

Kosa linaloharibu zaidi ni kuchanganya majivu na mbolea ya naitrojeni. Majivu yakikutana na urea, DAP (mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi), samadi mbichi au mkojo, naitrojeni hugeuka amonia na kupotea hewani. Harufu inayokupiga puani ndiyo pesa yako ikiondoka, na mvuke huo huunguza mizizi michanga. Tenganisha kwa wiki mbili au tatu. Kwa tuta lililopata majivu, sisi tunaichagua SA (salfeti ya amonia) kuliko urea, kwa sababu SA hurudisha uchachu kidogo: gramu 15 kwa mita ya mraba, muda huo ukishapita.

Soma majani. Machanga yakiwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, pH imepanda na mche haupati chuma. Acha majivu, ongeza mboji, na ikibidi changanya salfa ya unga gramu 30 kwa mita ya mraba. Itachukua miezi kufanya kazi. Njano kati ya mishipa kwenye majani makuukuu ni dalili kwamba potasiamu imezidi na kuizuia magnesiamu. Yakiwa ya njano jani zima, ukianzia yale ya chini, ni njaa ya naitrojeni, na majivu hayawezi kuitibu. Kingo zilizoungua siku chache baada ya kunyunyiza zinaonyesha majivu yaliangukia majani mabichi. Yaoshe kwa maji safi mapema.

Konokono huyakwepa majivu makavu, lakini manyunyu ya usiku mmoja humaliza kinga hiyo, na kuyarudishia kila mara kutakupitisha kwenye kikomo. Waokote kwa mkono jioni. Ukungu wa kijivu kwenye matunda hautibiwi kwa majivu: ondoa matunda yaliyooza, punguza majani, weka mabua makavu ya mpunga chini ya matunda.

Kwa bustani za ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa maji. Usirundike majivu wala samadi ndani ya eneo hilo. Fosforasi inayosombwa na mvua hulisha magugu maji. Majivu yaliyozidi yatawanye kidogo kidogo kwenye shimo la mboji, kiganja kimoja kwa kila tabaka, mbali na samadi mbichi.